Jean Piaget: Profesa wa Gololi

Hebu fikiria profesa mzima, mwenye kiko chake, akiwaomba watoto wamfundishe kucheza gololi! Huyo ndiye Jean Piaget, aliyezaliwa tarehe 9 Agosti 1896 mjini Neuchâtel, Uswisi.

Akili alikuwa nazo tangu utotoni. Mwaka wa 1907, akiwa bado mvulana wa shule, makala yake fupi kuhusu shomoro zeruzeru ilichapishwa. Baadaye akachunguza konokono, na mwaka wa 1918 akapata shahada ya udaktari. Kisha akaenda Paris kupima watoto kwa mitihani ya akili. Wengine wangehesabu alama tu, lakini yeye alivutiwa na majibu yaliyokosewa. Mbona watoto wa rika moja wakosee kwa njia moja?

Kutoka 1921 alifanya kazi Geneva. Mwaka wa 1932 alitoa kitabu kuhusu maadili ya watoto. Aliwasimulia kisa cha mama aliyewagawia wanawe mkate, kila mtu na wake. Yule mdogo kabisa, kwa uzembe, akauangusha wake majini. Je, apewe mwingine? Wadogo walisema asipewe, ati ni adhabu yake. Waliowazidi umri wakasema apewe, ili wote wawe sawa. Wakubwa zaidi walisema apewe kwa kuwa ni mdogo, hajui kujichunga. Piaget akaona kuwa haki haitokani sana na amri za wazazi. Watoto huijenga wenyewe wakicheza, wakigombana na kupatana. Kwangu mimi, hilo ndilo tunda tamu zaidi la kitabu hicho.

Lakini mbinu yake ilikuwa kuuliza, na mtoto mchanga hajui kujibu. Piaget alifariki Geneva tarehe 16 Septemba 1980.

Mwaka wa 2011, watafiti Marco Schmidt na Jessica Sommerville waliwaonyesha watoto wa miezi 15 filamu ya mtu akigawa chakula. Mmoja alipopewa zaidi ya mwenzake, watoto walikodoa macho kwa muda mrefu zaidi, kama waliojiuliza, kulikoni? Kumbe walitarajia usawa! Mwaka wa 2012 watafiti wengine walitumia twiga wawili wa bandia mbele ya watoto wa miezi 19. Twiga walipochezeshwa kama walio hai, mgao usio sawa uliwashangaza watoto. Walipoachwa kimya kama vitu tu, watoto hawakujali nani kapata nini.