Lucy Lameck: Muuguzi Aliyekwenda Kutunga Sheria

Kila msimu wa pamba, kuanzia Bariadi hadi Meatu, akina mama ndio wanaoinama shambani kupalilia na kuchuma. Fedha zikishalipwa kwenye chama cha msingi, nani anaamua zitumikeje? Na ng'ombe wa mahari wakiletwa kwa ajili ya binti ambaye hata shule hajamaliza, nani anamsemea? Majibu yanategemea sana sheria zetu, na sheria hutungwa na wabunge. Ndiyo sababu leo tunamkumbuka marehemu Lucy Lameck.

Lucy alizaliwa mwaka 1934 Njoro, Moshi, katika familia ya wakulima. Alisomea uuguzi, lakini hakupenda kuitumikia serikali ya mkoloni. Akajifunza kupiga chapa, akawa katibu katika KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro. Baadaye alipata nafasi ya kusoma Chuo cha Ruskin, Oxford, Uingereza, kisha akaenda Marekani.

Alirudi mwaka 1960 na kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, mwaka ambao TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Baada ya Uhuru aliteuliwa waziri mdogo wa ushirika na maendeleo ya jamii, kisha akahudumu upande wa afya. Alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kabisa kushika nafasi kama hizo nchini.

Bunge la wakati huo lilikuwa karibu lote la wanaume. Lucy alitumia nafasi zake kutetea hali ya wanawake. Kwake, haya hayakuwa mambo ya jikoni ya kuachiwa akina mama peke yao. Yalikuwa mambo ya maendeleo ya nchi.

Mwaka 1971 Bunge lilipitisha Sheria ya Ndoa. Sheria hiyo ilisema mume hana haki ya kumpiga mkewe, wala mke kumpiga mumewe, na ndoa ikivunjika mahakama inaweza kugawa mali waliyochuma pamoja. Hizo zilikuwa hatua kubwa. Lakini sheria hiyo hiyo iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi, huku mvulana akisubiri hadi 18.

Lucy alifariki dunia Machi 1993, kifungu hicho kikiwa bado kipo. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema kinakwenda kinyume na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Hata hivyo, kazi ya kuandika upya sheria ni ya Bunge, na wabunge waliendelea kuvutana kuhusu mila, dini na umri.

Mwaka 2021, mjini Berlin, Ujerumani, mtaa uliokuwa na jina la Wissmann, gavana wa zamani wa kikoloni katika nchi yetu, ulipewa jina la Lucy Lameck. Ni heshima kubwa. Lakini sisi wa Simiyu tunaweza kumuenzi hapa hapa nyumbani. Mgombea akija kijijini kuomba kura, baada ya barabara na bei ya pamba, tumuulize pia: binti wa miaka 15 ikifika zamu yake Bungeni, utapiga kura upande gani?