Harold Black, mhandisi aliyetibu kasoro ya vikuza sauti

Fundi wa Rubavu anapofungua amplifaya kubwa iliyoletwa kutoka kanisani au ukumbi wa harusi, hukuta ndani yake njia ndogo inayorudisha sehemu ya sauti kutoka mwisho wa saketi hadi mwanzo wake. Njia hiyo imo katika mitambo ya muziki duniani kote, na ya Nyundo pia, ambako shule ya muziki ilianza mwaka 2014. Aliyeibuni ni Mmarekani Harold Stephen Black.

Black alizaliwa tarehe 14 Aprili 1898 mjini Leominster, jimbo la Massachusetts. Alihitimu uhandisi wa umeme Worcester mwaka 1921, akaajiriwa mara moja na Western Electric jijini New York, katika kitengo ambacho mwaka 1925 kiligeuka kuwa maabara ya Bell.

Kampuni ya simu wakati huo ilitaka kupitisha mazungumzo mengi kwa pamoja katika waya mmoja, kuvuka bara zima. Sauti hufifia njiani, hivyo ilibidi ikuzwe upya kila baada ya masafa fulani. Valvu za siku zile ziliipotosha kidogo kila zilipoikuza. Kwa kikuza sauti kimoja kasoro hiyo ilivumilika. Vikifuatana kwa mamia, mazungumzo ya watu yaliingiliana yakawa kelele tupu.

Wengi walitafuta valvu iliyo bora zaidi. Black naye alianzia hapo, lakini mwaka 1923, baada ya kusikiliza mhadhara wa Charles Steinmetz, aligeuza swali: valvu ikubaliwe na upungufu wake, kisha upotofu uondolewe katika kile kinachotoka. Mtambo wake wa kwanza ulilinganisha sauti iliyotoka na ile iliyoingia, ukaipata tofauti na kuitoa. Ulifanya kazi, ila mtu alilazimika kurekebisha mkondo wa valvu kila saa, usiku na mchana. Kwa laini ya simu, hiyo haikuwa tiba.

Asubuhi ya tarehe 2 Agosti 1927, akivuka mto Hudson kwa kivuko kwenda kazini, jibu lilimjia. Alichora mchoro na kuandika milinganyo yake juu ya ukurasa wa gazeti la New York Times alilokuwa nalo, akatia sahihi. Wazo lenyewe lilionekana kama upotevu: kuza sauti kupita kiasi kinachohitajika, kisha uirudishe sehemu yake mwanzoni kwa mkondo ulio kinyume, ili kasoro ijifute yenyewe. Tarehe 29 Desemba mwaka huohuo, jaribio lilipunguza upotofu mara 100,000.

Hata hivyo, wakaguzi wa hataza hawakuridhika. Ombi la mwaka 1928 lilikubaliwa tarehe 21 Desemba 1937, baada ya miaka tisa ya mabishano. Uingereza lilitazamwa kama ombi la mashine inayojiendesha milele. Hofu ya wahandisi haikuwa ya bure, kwani sauti inayorudi vibaya hupiga ukelele, ule ule usikikao maikrofoni inapoielekea spika. Ni Harry Nyquist aliyeonyesha mwaka 1932 ni wakati gani mzunguko huo hubaki mtulivu.

Dawa ya Black iliwaachia mafundi deni. Kwa kuwa njia ya kurudi huzifunga hatua zote pamoja, transista moja ikifa, vipimo vya saketi nzima huyumba, na mgonjwa halisi hujificha miongoni mwa wazima. Amplifaya yenye nguvu nyingi ikipotewa na njia hiyo yaweza kumwaga umeme wa moja kwa moja kwenye spika na kuunguza koili yake. Ndiyo maana fundi mwangalifu huiwasha kwanza kupitia balbu, akapima mdomo wa kutolea sauti, na haungi spika mpaka mita isome karibu na sifuri.

Black alibaki katika maabara ya Bell hadi mwaka 1963. Kitabu chake kuhusu nadharia ya urekebishaji wa mawimbi kilitoka mwaka 1953, na mwaka 1981 aliingizwa katika Jumba la Kitaifa la Wavumbuzi wa Marekani. Alifariki Desemba 1983 mjini Summit, New Jersey, akiwa na umri wa miaka 85.