Sam Ntiro: mwalimu aliyepeleka mbege ya Machame hadi New York

Mhitimu wa uchoraji akirudi nyumbani na cheti chake, swali linalomsubiri ni moja: hiyo kazi itakulisha? Wazazi hawaulizi kwa ubaya. Ada ililipwa kwa kahawa, kwa mahindi, pengine kwa ng'ombe aliyeuzwa, nao wanataka kujua imezaa nini. Katika makala haya tunamwangalia mtu aliyekutana na swali hilo Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza, wakati jibu lake lilikuwa gumu kuliko leo. Ni Sam Joseph Ntiro, mchoraji, mwalimu na balozi.

Ntiro alizaliwa mwaka 1923 huko Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Kwa msikilizaji ambaye hajafika Uchagani, tueleze kidogo. Familia huko huishi ndani ya kihamba, yaani shamba la ukoo ambalo migomba inafunika kahawa, na nyumba iko humo humo katikati. Maji hushuka kutoka juu mlimani kwa mifereji iliyochimbwa na wazee. Kazi nyingi hufanywa kwa pamoja, na shughuli ya ukoo haikamiliki bila mbege, pombe ya ndizi na ulezi. Ntiro alikuwa na umri wa miaka kama 10 hivi wakati wakulima wa kahawa wa huko walipounda chama chao kikuu cha ushirika, KNCU. Mambo haya yote yakumbuke, maana yatarudi kwenye picha zake hadi mwisho wa maisha yake.

Miaka ya 1940 alikwenda Makerere, Uganda. Wakati huo ndicho kilikuwa chuo cha juu kilichowapokea vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Hapo alimkuta mwalimu Mwingereza, Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha uchoraji mwaka 1937 kwenye baraza ya nyumba yake mjini Kampala. Mama Trowell alikuwa na njia yake. Hakuwawekea wanafunzi chungu mezani wakinakili. Aliwasimulia jambo, la kijijini au la kwenye Biblia, kisha akawaacha walione kichwani na kulichora kama walivyoliona. Mwanafunzi mwenzake Ntiro alikuwa Gregory Maloba kutoka Kenya, ambaye baadaye alitengeneza mnara wa uhuru ulioko Kampala.

Alipohitimu, Ntiro alikuwa na kipaji, alikuwa na elimu, ila soko halikuwepo. Nani angenunua picha ya mafuta Moshi au Dar es Salaam miaka hiyo? Wanunuzi wachache waliokuwepo walikuwa Wazungu, na wengi wao hawakuamini kwamba Mwafrika anaweza kuwa mchoraji hasa. Ntiro hakukaa kusubiri. Alishika chaki. Alibaki Makerere kama mwalimu wa sanaa, akifundisha mchana na kuendelea kuchora.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu wahitimu wengi huona kwamba kuchukua kazi nyingine ni kushindwa. Sisi tunaona kwa Ntiro mambo yalikuwa kinyume. Mshahara wa ualimu ulimwondolea haja ya kuchora kile ambacho mteja angependa kuning'iniza sebuleni. Hakulazimika kuchora simba kwa ajili ya watalii. Alichora Machame: watu wakivuna kahawa, wakikata miti, wakilima pamoja, wakibeba ndizi.

Mwaka 1952 alipata nafasi ya kusoma Uingereza, katika Slade, shule ya sanaa ya Chuo Kikuu cha London. Mkuu wa shule hiyo alikuwa William Coldstream, mchoraji aliyejulikana kwa kupima. Kwa Coldstream, mtu anakaa mbele yako, nawe unapima kwa jicho umbali wa bega na kidevu, unaweka alama kwenye turubai, unapima tena. Ni kinyume kabisa cha kufumba macho na kukumbuka. Ntiro alikaa huko hadi 1955.

Ungedhani angerudi akichora kama wao. Haikuwa hivyo. Watu katika picha zake walibaki wadogo, wa umbo la kawaida, wengi pamoja, wakishughulika na kazi. Migomba ilibaki imejipanga, rangi zake nzito na safi, na mlima ukiwa nyuma pale ulipohitajika. Hakukuwa na ule ujanja wa kivuli na umbali unaofundishwa Ulaya. Wapo waliomwona kama mtu ambaye hakujifunza kitu, na lawama hiyo ilimfuata miaka mingi. Makerere kwenyewe mambo yalibadilika baada ya Mama Trowell kustaafu mwaka 1958. Mkuu mpya, Cecil Todd, alitaka wanafunzi wajue historia ya sanaa ya Ulaya na maumbile ya mwili, na baadhi ya wasanii wapya wakaziona picha za Ntiro kama za kitoto.

Sisi hatukubaliani na hukumu hiyo. Mtu aliyekaa Slade miaka mitatu hakukosa kujua namna ya kuchora kivuli. Alichagua.

Na uchaguzi huo ulilipa. Mwaka 1955 alifanya maonyesho yake London, kwenye ukumbi wa Piccadilly Gallery. Taasisi ya Marekani iitwayo Harmon Foundation, iliyokuwa ikiwatangaza wasanii weusi, ikamtambulisha huko. Kisha mwaka 1960, Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York, maarufu kama MoMA, ikanunua picha aliyoichora mwaka 1956. Picha hiyo inahusu wanaume wanaompelekea bibi harusi mbege usiku. Hebu fikiria: makumbusho yenye kazi za Picasso na Matisse inanunua mbege ya Machame, wakati Tanganyika haijawa nchi huru.

Nyumbani kwake pia hakukuwa pa kawaida. Mwaka 1958 alimwoa Sarah Nyendwoha wa Uganda, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya chuo kikuu, aliyoipata Oxford. Huyu ndiye mwalimu aliyegundua analipwa pungufu kuliko wenzake wanaume, akakataa kupokea mshahara na kufundisha bure kwa kupinga. Hadithi yake inastahili makala yake peke yake.

Uhuru ulipofika Desemba 1961, serikali changa ilihitaji watu wenye elimu, nao walikuwa wachache. Ntiro akateuliwa kuiwakilisha Tanganyika mjini London kama balozi, kazi aliyoifanya hadi 1964. Mwanafunzi wa brashi alirudi katika jiji lile lile akiwa na bendera kwenye gari. Baadaye, nchini, alikuwa Kamishna wa Utamaduni na pia alifundisha sanaa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Miaka hiyo hiyo, huko Msasani, Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora wanyama na ndege kwenye vipande vya hardboard kwa rangi za kupakia baiskeli, bila chuo wala cheti. Alifariki mwaka 1972, na jina lake likawa jina la mtindo mzima. Leo watalii wanamjua Tingatinga kuliko Ntiro. Picha za Tingatinga ziliuzwa barabarani, za Ntiro zilikwenda kwenye kumbi na makumbusho za mbali, ambako Mtanzania wa kawaida hafiki. Hiyo ndiyo hasara ya njia aliyopita, na hatuoni sababu ya kuificha.

Ntiro alifariki mwaka 1993 akiwa na miaka 69. Ile picha ya mbege bado ni mali ya MoMA, na imo katika orodha ya makumbusho hiyo kwenye intaneti. Mwenye bando aandike Sam Ntiro kwenye simu yake, na kama kuna mzee wa Machame jirani, amwonyeshe na yeye.