Okot p'Bitek: Mwanasoka aliyerudi Makerere kufundisha

NALUFENYA, Jinja – Lori linalotoka Kampala kwenda Busia au Malaba likishavuka Mto Nile huingia hapa Nalufenya, na muda si mrefu mashamba ya miwa ya Kakira huanza kuonekana. Wengi wetu tumeyapita mara nyingi bila kujua kwamba yamo katika riwaya ya kwanza ya Okot p'Bitek. Riwaya hiyo, Lak Tar, aliiandika kwa Kiacholi na ikatoka mwaka 1953. Inamhusu kijana asiye na mahari. Anakwenda Kampala kutafuta, anaishia kufanya kazi Kakira, na akiwa njiani kurudi kwao anaibiwa fedha zake. Mfanyabiashara aliyewahi kulala stendi huku amekumbatia mkoba hahitaji kufafanuliwa hadithi hiyo.

Okot alizaliwa Gulu mwaka 1931. Baba yake alikuwa mwalimu, na mama yake alisifika kwa kutunga na kuimba nyimbo. Nadhani ushairi wa mwanawe ulianzia kwa mama huyo. Alisoma Gulu na King's College Budo, kisha akafundisha shule karibu na Gulu.

Ila wakati huo jina lake lilitajwa zaidi uwanjani. Mwaka 1956 alikwenda Uingereza na timu ya taifa ya Uganda, wakacheza pekupeku mbele ya wenyeji waliovaa viatu. Ziara ilipokwisha, yeye alibaki. Alisomea ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, halafu elimu ya jamii na mila huko Oxford. Hapo alikuta wahadhiri wakiwaita Waafrika washenzi darasani, naye yumo amekaa. Alipinga, wakaendelea vilevile. Hasira hiyo haikumtoka. Ilimfanya atake nyimbo na dini za watu wake zifundishwe na wanaozijua.

Alirudi nyumbani akafanya kazi chini ya Makerere. Mwaka 1966 kikatoka kitabu kilichompa umaarufu, malalamiko marefu ya Lawino, mke wa kijijini anayedharauliwa na mumewe msomi. Aliutunga wimbo huo kwa Kiacholi, akautafsiri mwenyewe kwa Kiingereza, na East African Publishing House ya Nairobi ikauchapa. Mwaka 1975 Paul Sozigwa aliuleta kwa Kiswahili kwa jina la Wimbo wa Lawino. Mali ya Gulu, kiwanda cha Nairobi, wasomaji hadi Dar es Salaam: hakuna aliyeiita jumuiya, lakini ilikuwa ndiyo hiyo.

Wakati huo Okot aliongoza Jumba la Taifa la Maigizo, Kampala, akajaza ngoma na waimbaji wa vijijini mahali palipozoea michezo ya Kizungu. Mwaka 1968, baada ya kuikosoa serikali akiwa safarini Zambia, alifukuzwa kazi.

Alivuka mpaka. Kisumu ilimpokea, akafundisha watu wazima kwa niaba ya chuo cha Nairobi, na kabla mwaka huo haujaisha alikuwa ameanzisha tamasha la sanaa mjini humo. Amin alipotwaa madaraka mwaka 1971, njia ya kurudi ikazidi kuwa finyu. Vitabu viliendelea kutoka Kenya, na mwaka 1972 alitunukiwa huko Tuzo ya Jomo Kenyatta. Kwa maoni yangu, Uganda ilimfukuza mtu ambaye jirani alimfaidi kwa karibu miaka 10. Alifika hadi Chuo Kikuu cha Ife, Nigeria.

Amin aliondolewa mwaka 1979. Okot alirudi Makerere, na mwaka 1982 akawa profesa wa uandishi wa kubuni. Alikuwa na vijana wa kuwafundisha, katika mji aliofukuzwa. Hakuumaliza mwaka huo. Alifariki Kampala Julai 1982, akiwa na umri wa miaka 51.