Harry Thuku na kile kipande ulicho nacho mfukoni

Umeshuka matatu nambari 46 pale Kawangware saa tatu usiku, umechoka, unataka tu kufika kwa nyumba. Karao anakusimamisha. Anataka kipande. Unapapasa mfuko wa nyuma, roho juu, mpaka vidole viguse ile kadi. Afadhali. Wewe uliyetimiza miaka 18 juzi unajua bila hiyo kadi huna laini yako mwenyewe, huna M-Pesa, na hata kwenye mjengo mlinzi wa lango anaweza kukurudisha.

Sasa hebu tuulizane. Serikali inaiita kitambulisho. Mbona sisi mtaani tunasema kipande?

Neno hilo lina zaidi ya miaka 100. Tena kuna kijana mmoja wa Nairobi, operata wa simu, aliyepoteza karibu miaka tisa ya maisha yake kwa sababu alithubutu kuwaambia watu wakirudishe kwa wenyewe. Anaitwa Harry Thuku. Jina umelisikia, maana kuna barabara. Habari zake je?

Turudi nyuma kidogo, 1914. Wazungu wanaanza kupigana Ulaya, na vita vinafika huku kwa sababu Waingereza wako Kenya na Wajerumani wako Tanganyika. Magari ni machache, barabara hazipo, na ng'ombe na farasi wanakufa kwa ndorobo. Nani abebe risasi na magunia ya unga? Mwaafrika. Mwaka 1915 sheria ikapitishwa ya kuwalazimisha wanaume kuwa wapagazi, na mwaka 1917 ukaja msako mkubwa kuliko yote. Chifu alipewa idadi ya watu wa kutoa, askari wake wakazunguka vijijini usiku kuwashika vijana. Wengine waliufahamu msako huo wakiwa tayari wamefungwa kamba.

Kutoka Kenya peke yake walikufa zaidi ya watu 40,000, na si risasi iliyowamaliza wengi wao. Ilikuwa kuhara, malaria, njaa na unga usioiva vizuri. Jeshi hilo la wapagazi liliitwa Carrier Corps kwa Kiingereza. Ulimi wetu ukaligeuza kuwa Kariokor. Ndiyo, kule kule unakoenda kula nyama choma. Dar es Salaam wana Kariakoo yao, neno ni hilo hilo.

Wale waliobeba bunduki nao wana mtaa wao. Ukiwa Kibera, ulizia wazee wa Makina. Wanubi wale ni wajukuu na vitukuu vya askari wa King's African Rifles, na msitu waliopewa kuishi ulitangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi mwaka 1918. Babu alipigania mfalme wa Uingereza, lakini kwa miaka mingi mjukuu alikuwa akienda kuomba kipande anaambiwa kwanza apite mbele ya kamati athibitishe kwamba ni Mkenya. Hati ya ardhi, ya ekari 288, waliipata mwaka 2017. Hesabu mwenyewe.

Vita viliisha 1918, ila serikali ilikuwa imeonja utamu wa kuwa na watu wa kulazimishwa. Walowezi walitaka vibarua wa bei rahisi. Kuanzia 1919 ikaanza kutumika sheria ya kumsajili kila mwanamume Mwaafrika wa miaka 16 kwenda juu. Ukapewa karatasi yenye jina lako, kabila, alama za vidole, nani amekuandika kazi na anakulipa ngapi. Iliwekwa ndani ya kikasha cha chuma na watu wakakining'iniza shingoni kwa kamba, kama kengele ya mbuzi. Hicho ndicho kipande. Mzungu akikataa kuweka sahihi kwamba amekuachilia, huwezi kuandikwa kwingine. Ukitoroka shamba, polisi wanakutafuta kwa nambari. Ukikamatwa bila hicho kikasha, ni faini au jela. Mwaka huo huo Gavana Northey aliagiza maofisa na machifu wawahimize watu waende mashambani, wanawake na watoto pia. Na chifu wa wakati ule akihimizwa, wewe unajua kilichofuata.

Harry Thuku alikuwa anatazama haya yote akiwa mjini. Alizaliwa 1895 huko Kambui, Kiambu, akasomea kwa wamishonari, akaja Nairobi mwaka 1911. Usidhani alikuwa malaika. Alifungwa miaka miwili kwa kesi ya hundi ya kughushi. Alipotoka akapata kazi kwenye mitambo ya gazeti la walowezi, na nadhani hapo ndipo alipopata shule yake ya kweli, maana kila siku mikononi mwake yalipita maneno ya watu waliotaka wenzake wafanyishwe kazi kwa ujira wa kutupa. Kisha akawa operata wa simu katika ofisi ya hazina ya serikali. Kazi safi, suti, mshahara wa kuaminika.

Mwaka 1921 walowezi wakakubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi. Kodi wakati huo ilikuwa imeshapandishwa hadi shilingi 16. Mwezi wa Juni ukafanyika mkutano mkubwa Dagoretti, upande huo huo wa Kawangware, ambako wakati ule yalikuwa mashamba ya mahindi na viazi na maskani ya chifu mkuu Kinyanjui wa Gathirimu. Machifu wakawapa maofisa na wamishonari malalamiko yao: mishahara, kipande, ardhi, wasichana wanaochukuliwa kwa nguvu kwenda kuchuma kahawa.

Hili la wasichana ndilo lililomchoma Thuku. Askari wa machifu waliwapeleka mashambani, wengine wakalazwa huko huko siku nyingi, na baadhi walirudi na mimba walizobebeshwa kwa nguvu. Sasa fikiria unamlalamikia chifu kuhusu askari wa chifu. Thuku na wenzake waliona mkutano wa machifu hautoshi. Mwezi huo huo walikuwa wameanzisha chama chao, cha vijana Wakikuyu, lakini ndani ya wiki chache wakakibadilisha jina kikawa East African Association. Nairobi ilikuwa na watu wa kila kabila, na wote walivaa kikasha kile kile. Wakaingia Waganda, Wakamba, Waluo, Waislamu wa mjini. Thuku akatuma simu moja kwa moja London, akiwaruka machifu, nao wakamkasirikia kweli kweli. Mhindi M. A. Desai, mwenye gazeti, alimsaidia kuchapa matangazo. Serikali ikamtaka achague kazi au siasa. Akachagua, na suti ile ikaenda.

Alizunguka akihutubia maelfu. Ujumbe wake ulikuwa rahisi: msifanye kazi ya lazima, na vipande tuvikusanye tukavimwage langoni kwa gavana. Alikuwa na miaka kama 26 hivi.

Tarehe 14 Machi 1922 wakamkamata. Kesho yake na kesho kutwa watu wakaacha kazi, wakajaa nje ya kituo cha polisi, karibu na ilipo University of Nairobi leo. Tarehe 16 wazee waliokwenda kuonana na wakubwa wa serikali wakarudi mikono mitupu, wakawaomba watu watawanyike. Wanaume wakaanza kuondoka. Hapo mwanamke mmoja, Muthoni Nyanjiru, akainua nguo yake juu ya mabega mbele yao, akiwataka wamwachie suruali zao ikiwa wao ni waoga. Kwa Wakikuyu hilo si utani, ni laana. Umati ukageuka, ukasonga langoni. Polisi wakafyatua risasi, na walowezi waliokuwa hoteli ya Norfolk wakafyatua pia. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Serikali ilihesabu waliokufa 21; waliokuwepo walisema ni wengi zaidi.

Thuku hakufikishwa mahakamani. Alisafirishwa hadi Kismayu, ambayo wakati huo ilikuwa bado chini ya Kenya. Waingereza walipowapa Waitaliano eneo lile mwaka 1925, wakamhamisha: Lamu, Witu, kisha Marsabit. Aliondoka kijana, akarudi mwishoni mwa 1930 akiwa mtu wa miaka 35.

Na hapa ndipo hadithi inapokosa utamu, lakini lazima nikuambie. Thuku aliyerudi hakuwa yule wa 1922. Aliongoza Kikuyu Central Association kidogo, wakagombana, mwaka 1935 akaanzisha chama chake cha kushirikiana na serikali. Wakati wa Mau Mau alikuwa upande wa kuipinga, hata redioni alisikika. Watu waliokuwa wamempigia magoti walimwita msaliti. Sijui miaka tisa ya jangwa na bahari, bila kesi, ingekufanya nini wewe. Mimi sitaki kumhukumu haraka. Kipande chenyewe cha shingoni kiliendelea hadi mwishoni mwa miaka ya 1940, na aliyekimaliza si yeye.

Alilima kahawa, mmea ule ule ambao wasichana walilazimishwa kuuchuma na ambao Waafrika walizuiwa kwa muda mrefu kuupanda. Alifariki tarehe 14 Juni 1970. Barabara yake inapita kati ya chuo na Norfolk, hapo hapo watu walipoangukia, na jioni wanafunzi huvuka wakikimbilia matatu za Kibera na Kawangware, kila mmoja na kipande chake mfukoni.