Ibn Sina, tabibu aliyekesha

Kila mitihani inapokaribia, hakosekani ndugu bwenini wa kututajia Ibn Sina. Yule alikuwa halali, tunaambiwa, basi na sisi tukeshe. Habari hiyo ni kweli, ila ni nusu yake.

Abu Ali al-Husayn ibn Sina alizaliwa mwaka 980 katika kijiji cha Afshana karibu na Bukhara, ambayo leo ipo Uzbekistan. Alipofika miaka 10 alikuwa amehitimu Qur'ani, na akiwa na miaka 16 alikuwa akitibu wagonjwa. Kisha akajitia katika mantiki na falsafa kwa mwaka mmoja na nusu. Katika muda huo, kwa masimulizi yake mwenyewe, hakulala usiku mzima hata mara moja.

Nusu ya pili hatuisimulii. Swali likimshinda alikwenda msikitini, akaswali na kumwomba Allah amfungulie. Na usingizi ulipomchukua, maswali yale yale yalimjia ndotoni, na mengi yakamfumbukia huko huko. Yaani hata ule usingizi wake mchache ulikuwa sehemu ya darasa.

Alipokuja kuandika al-Qanun, kitabu kilichofundishwa hadi vyuo vya Ulaya kwa karne kadhaa, aliyataja mambo sita ambayo afya ya mtu haiepukani nayo. Usingizi na kukesha aliviweka humo, safu moja na hewa na chakula. Alieleza kwamba mtu akilala, joto la mwili huingia ndani, chakula kikasagika vizuri na nguvu zilizotumika mchana zikarudi. Kukesha kupita kiasi, kwake, hukausha ubongo, huvuruga akili na huleta maradhi. Siku hizi wataalamu hawasemi habari ya joto na ukavu. Wanasema ubongo huyaimarisha usingizini yale tuliyojifunza mchana, na mwili hujikarabati. Lakini mgonjwa wao na wake ni yule yule: mwanafunzi anayesoma ukurasa mmoja mara tano saa tisa ya usiku.

Je, tabibu aliifuata dawa yake? Hapa, kwa maoni yangu, ndipo maisha yake yanapotia huruma. Huko Hamadan alikuwa waziri. Mchana wote ulikwenda kwa kazi za mtawala, na usiku wanafunzi walikusanyika nyumbani kwake wakisomeshwa. Mwanafunzi wake al-Juzjani, aliyekaa naye miaka mingi, ameeleza jinsi mwalimu wake alivyokuwa hauhurumii mwili.

Mwishowe alishikwa na msokoto mkali wa tumbo akiwa safarini na jeshi la mtawala wa Isfahan. Akiogopa kuachwa nyuma, hakupumzika. Alijitibu mara nane kwa siku moja mpaka matumbo yakapata vidonda. Alipata nafuu kidogo, akarudia mwendo wake ule ule, na ugonjwa ukamrudia njiani kuelekea Hamadan. Safari hii aliacha kujitibu. Alifariki huko mwaka 1037, mwezi wa Ramadhani, akiwa na miaka 57. Allah amrehemu.