Daktari Lehmann na Siri ya Damu ya Uganda

Hermann Lehmann alizaliwa mwaka 1910 mjini Halle, Ujerumani, katika ukoo wa Kiyahudi. Utawala wa Hitler ulimfungia milango ya vyuo. Ndipo alipopata shahada ya udaktari huko Basel, Uswisi, mwaka 1934, na mwaka 1936 akahamia Cambridge. Vita Kuu ya Pili ilipozuka, Waingereza walimweka kizuizini kwa kuwa alikuwa Mjerumani. Hata hivyo, mwaka 1943 alivaa sare ya kikosi cha madaktari wa jeshi lao, akatumika hadi 1947.

Baada ya kuivua sare hiyo alifika Uganda kuchunguza upungufu wa damu. Yeye na Dakta Alan Raper walipima damu za makabila mbalimbali, wakitafuta chembe zinazopinda mithili ya mundu. Matokeo yao ya mwaka 1949 yalionyesha tofauti kubwa: baadhi ya makabila walikuwa nazo wachache mno, ilhali miongoni mwa Waamba zilikaribia nusu ya watu. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alieleza sababu: anayerithi kinasaba kimoja tu hukingwa kwa kiasi na malaria kali. Kwa wakazi wa Masinya, na wa Busia na Tororo kwa jumla, ambako malaria ni adui wa tangu jadi, habari hii inawahusu wenyewe.

Anayerithi vinasaba viwili, kimoja kwa baba na kimoja kwa mama, huugua selimundu. Maumivu ya mifupa yanajulikana. Madhara ya macho hayajulikani sana. Chembe hizo huziba vijishipa vya ukingo wa retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Sehemu iliyonyimwa damu huchochea mishipa mipya kuota. Mishipa hiyo ni dhaifu: huvuja damu ndani ya jicho, na yaweza kuibandua retina na kuleta upofu. Adui huyu hushambulia bila kelele, kwani mwanzoni hapana maumivu wala giza.

Kwa hiyo, askari mwenye mtoto wa selimundu asisubiri dalili. Macho ya mtoto yapimwe tangu umri wa miaka 10 hivi. Mishipa ikigunduliwa mapema, mwanga wa leza waweza kuizuia.

Kuanzia 1963 Lehmann aliongoza huko Cambridge uchunguzi wa kasoro za damu. Alifariki mwaka 1985, akiacha elimu ambayo hadi leo inalinda watoto wetu.